Je, Alama za Desemba Zipelekwe Ng'ambo?

Napenda kuzungumza na wanafunzi wa Kidato cha Sita, pamoja na wazazi wao, juu ya jambo moja ambalo kila mwaka huleta maneno mengi katika ofisi ya taaluma. Nalo ni hili: mwanafunzi ameomba nafasi katika chuo cha ng'ambo, akafanya mtihani wetu wa nusu mwaka mwezi wa Desemba, alama zikatoka, wala hazikupendeza. Je, shule izipeleke alama hizo huko chuoni, au izikalie kimya?

Wengi watasema ya kwamba jambo hili lawahusu watu wachache. Ni kweli. Wengi sana katika vijana wetu huomba vyuo vya hapa nchini, na huko hapana anayeuliza habari za Desemba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, cha Dodoma, cha Sokoine, Muhimbili na vinginevyo hutazama matokeo ya Baraza la Mitihani, basi. Tume ya Vyuo Vikuu imekwisha kuweka kipimo: mwombaji awe na masomo mawili aliyofaulu kati ya A na E, yenye jumla ya pointi 4 kwa uchache, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1, na kozi nyingine hutaka zaidi ya hapo. Toka mwaka 2010 maombi yalipitia mfumo mmoja wa Tume. Toka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake chuoni mwenyewe. Katika taratibu zote mbili Desemba haimo.

Lakini wale wachache ni watoto wetu vilevile, na mambo yao yakiharibika huharibikia mikononi mwetu sisi walimu, kwa kuwa karatasi yenyewe hujazwa na shule. Kwa hiyo naomba wasomaji wanivumilie nieleze kwanza jinsi mambo yaendavyo, maana nimeona wazazi wengi wanabishana juu ya karatasi ambayo hawajaiona.

Itazameni kalenda. Kidato cha Sita huanza masomo yake Julai, hufanya mtihani wa Taifa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka Julai. Vyuo vingi vya Marekani hufunga mlango wa maombi mwanzoni mwa Januari, hutoa majibu mwishoni mwa Machi, na humtaka kijana aseme ndiyo au siyo kufikia tarehe 1 Mei. Yaani mwanafunzi wetu hujibiwa kabla hajaandika hata neno moja katika karatasi ya Baraza. Basi huko wanaamua kwa kutazama nini? Wanayo matokeo yake ya Kidato cha Nne, ambayo kwa wakati huo yametimiza miaka miwili. Wanayo ripoti ya Kidato cha Tano. Wanayo insha aliyoandika mwenyewe na barua za walimu wawili au watatu wanaomsifu, nasi twajua jinsi barua za sifa zilivyo. Kitu kipya ni kimoja tu, alama za Desemba. Ndiyo sababu ile fomu ya pamoja ya Marekani, ambayo sasa yatumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina sehemu yake maalumu kwa ripoti ya nusu mwaka. Baadhi ya vyuo huilazimisha, na vingine huiacha kwa hiari ya mwombaji. Tofauti hiyo mwanafunzi aijue mapema, kwa maana nitairudia.

Waingereza wanayo njia yao nyingine. Kwao shule hukadiria alama anazotazamiwa kupata mwanafunzi, chuo hutoa nafasi kwa sharti, kisha husubiri matokeo ya mwisho. Desemba huwa imejificha ndani ya makadirio ya mwalimu, haisafiri peke yake. Mwanafunzi aombaye huko hana haja ya kujisumbua kupeleka asichoulizwa.

Na pesa zimo katika jambo hili, tusione haya kuzitaja. Mwaka mmoja katika vyuo vingi vya binafsi vya Marekani, pamoja na chakula na malazi, sasa wapita dola 80,000. Mzazi wa Tandika au wa Mwananyamala hawezi kuzipata hata akiuza kiwanja. Mtoto wake huenda kwa msaada wa chuo chenyewe, au haendi kabisa. Na msaada huo huamuliwa wakati uleule wa kuamua nafasi. Kwa hiyo mzazi akija ofisini na jasho usoni akiuliza habari ya 46 ya Kemia, si mzazi mkorofi. Anajua kilicho mezani.

Sasa nitaje hoja za wale wanaotaka alama zikaliwe, kwa kuwa si hoja za kijinga.

Wanasema, "Mwalimu, mbona mnatuchongea?" Wanasema ya kwamba sisi walimu twasahihisha Desemba kwa mkono mzito, ili kijana asilale wakati wa likizo. Hawakukosea. Nimekaa katika vyumba vya kusahihishia miaka mingi, nami nakiri ya kwamba nusu alama ambayo msahihishaji wa Baraza angeitoa, sisi Desemba twaizuia. Tena pengine twatia katika mtihani mada ambazo hazijafundishwa zikaisha. Mwanafunzi aliyepata 50 kwetu huenda akapata 60 Mei. Kila mtu hapa shuleni anajua jambo hilo, hata mlinzi wa lango. Lakini mtu aliyeketi katika ofisi ya chuo huko Ohio, ambaye hajapata kuiona Temeke hata katika ramani, hajui.

Nami niliwahi kukosea katika jambo hilihili. Mwaka mmoja nilipeleka alama za msichana wetu zikiwa uchi, hesabu tupu bila ya maelezo. Alikuwa wa kwanza katika somo lake na alama yake ilikuwa 58. Ofisi ile ikaandika kwa adabu kuuliza, imekuwaje mwanafunzi anayesifiwa na walimu wake kuwa ndiye bora anashindwa darasani? Nilishangaa kidogo, kisha nikaelewa. Katika shule nyingi za Marekani A huanza 90, na aliye chini ya 60 ameshindwa. Kwetu, katika mtihani wa Kidato cha Sita, A huanza 80, B 70, C 60, D 50, E 40 na S 35. Msichana yule alikuwa na D iliyokaribia C, katika mtihani ambao hapana mwenzake aliyemfikia. Karatasi yangu ilimwita mjinga. Nikaandika barua ya pili kueleza, na walishukuru; lakini barua ya kwanza ndiyo iliyosomwa wakati kikao kinakaa.

Tena hata sisi wenyewe kipimo chetu hakikutulia siku zote. Matokeo ya mwaka 2015 yalitolewa kwa mfumo wa wastani, A ikaanza 75 na kukawa na B+, kisha tukarudi katika madaraja. Mgeni asiyeelezwa atayasomaje?

Basi hoja ya wazazi ina nguvu. Lakini tazama inakokwenda. Huanza kwa kusema "msipeleke", na ikiambiwa ya kwamba chuo kimezitaka, hugeuka ikasema "basi zipambeni kidogo".

Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu kijana mmoja wa tahasusi ya PCM, mkaaji wa Mbagala, ambaye kila asubuhi alipanda daladala mbili kufika shule. Alisimama mlangoni, akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia marahaba, naye akanyamaza. Kisha akasema polepole ya kwamba Fizikia amepata 67, Hisabati 71, lakini Kemia 46. Akaongeza, "Mwalimu, ni kugeuza tarakimu tu. Iwe 64. Hakuna atakayejua."

Sikumkasirikia. Na kusema kweli niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu kuliko impasavyo mwalimu. Nilimjua kijana. Nilijua vilevile ya kwamba mwalimu wake wa Kemia alihamishwa mwezi wa Septemba, na kwa wiki saba darasa lile lilikaa bila ya mwalimu. Wenye uwezo walikwenda twisheni jioni. Yeye hakuwa na uwezo huo, mama yake akiuza maandazi alfajiri kituo cha daladala ili nauli ipatikane. Aliazima kitabu, akajifundisha. Alama 46 ilikuwa kweli, na wiki saba zilikuwa kweli vilevile. Kosa letu lingekuwa kupeleka moja na kuiacha nyingine.

Nikakataa kugeuza tarakimu. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: kipimo chetu ni hiki, darasa lake lina wanafunzi kadhaa, na yeye katika Kemia alikuwa wa nne, mwalimu aliondoka tarehe fulani, mwingine akafika tarehe fulani, kijana huyu alisoma peke yake katikati ya tarehe hizo. Mkuu wa Shule akaisoma, akafuta sentensi mbili ambazo aliona zinaomba huruma, akatia saini. Ikaenda.

Vyuo viwili vikamkataa. Cha tatu kikamtia katika orodha ya wanaongoja, na hakikumwita. Julai matokeo ya Baraza yakatoka, na Kemia amepata C. Wasomaji waliofuata kipimo nilichotaja juu wamekwisha ona: C ni 60 mpaka 69. Yaani kijana hakujidanganya aliposema anaiweza 64; ila siku ile alikuwa hajaipata. Akaenda Chuo Kikuu cha Dodoma, akamaliza, anafanya kazi. Mama yake hata leo tukikutana sokoni Tandika huniambia, kwa utani wenye chembe ya uchungu, ya kwamba 64 ingempandisha mwanawe ndege. Mimi hucheka, maana sina jibu jingine.

Nimeleta kisa hiki ingawa hakinisaidii. Ningaliweza kuchagua kingine ambacho barua ilifaulu, navyo vipo. Lakini mzazi mwenye kuamua anastahili kujua ya kwamba ukweli pengine hulipiwa. Ninalosema ni kwamba njia ile nyingine hulipiwa zaidi, na mara nyingi si na yule aliyeifaidi.

Vyuo hivyo hudai ripoti ya mwisho pia, baada ya Julai, na huweka haki ya kuondoa nafasi ikiwa matokeo yameanguka mbali na yale waliyoonyeshwa. Kijana aliyepandishwa na mwalimu Desemba, akashushwa na Baraza Julai, huonekana mvivu au mwongo, naye amekwisha kuaga mtaa mzima. Tena ofisi hizo huweka kumbukumbu za shule. Huwa wanapokea kijana mmoja kutoka hapa leo, na mwingine baada ya miaka mitatu. Wakiona mara moja ya kwamba alama zetu za Desemba hazifanani na za Mei, atakayeumia ni mtoto ambaye sasa yuko Kidato cha Pili na hajui lolote.

Wala si jambo geni katika nchi yetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisema ya kwamba mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa siku moja tu, bali kazi yake ya kila siku ihesabiwe. Na toka mwaka 1976 alama za maendeleo zilizotoka shuleni zikaingizwa pamoja na zile za mtihani wa mwisho. Nia ilikuwa njema sana. Kilichofuata wazee wa kazi hii wanakikumbuka: shule nyingine zikapeleka alama nono kupita mtihani wenyewe, mpaka ikawa hapana budi Baraza kuzisawazisha kabla ya kuzitumia. Walimu tulipewa neno letu lisikilizwe, nasi baadhi yetu tukalitumia vibaya.

Na Waingereza, ambao twapenda kudhani hawana shida hizi, yaliwapata mwaka 2020. Mitihani ilifutwa kwa ajili ya korona, walimu wakaambiwa wakadirie alama za wanafunzi wao. Wakubwa waliona makadirio yamenona, wakayapitisha katika hesabu ya kompyuta, na huko England karibu alama 39 katika kila 100 zikashushwa. Vijana wakaandamana, na baada ya siku nne, tarehe 17 Agosti, serikali ikarudisha makadirio ya walimu. Mwaka huohuo shule zetu zilifungwa Machi, Kidato cha Sita kikarejea tarehe 1 Juni, na mtihani ukaanza mwishoni mwa Juni badala ya Mei. Kijana wetu aliyeomba ng'ambo mwaka ule alikuwa na Desemba tu mkononi. Ilikuwa bahati njema kwa yule ambaye shule yake ilizitunza alama hizo vizuri.

Basi rai yangu ni hii. Chuo kikizitaka alama za nusu mwaka, zipelekwe zote, kama zilivyo, pamoja na barua ya kueleza. Asiyezipeleka wakati ameombwa hajaficha kitu. Jalada lake litakaa na pengo, na msomaji wa jalada atalijaza pengo hilo kwa mawazo yake, ambayo kwa kawaida huwa mabaya kuliko 46.

Lakini chuo kisipozitaka, hapo nasimama upande wa wazazi. Mwanafunzi ambaye alama zake zimepanda na apeleke, zitamsaidia. Ambaye zimeshuka, na hakuna aliyemwuliza, halazimiki kwenda kubisha hodi kwa watu aseme nimeanguka. Najua wako walimu wenzangu wanaoona ya kwamba huo nao ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Kunyamaza bila ya kuulizwa na kunyamaza baada ya kuulizwa ni mambo mawili. Sharti langu ni moja: asipeleke Fizikia iliyopanda akaiacha Kemia iliyoshuka. Ripoti ni moja. Huenda nzima au haiendi.

Na uamuzi huo ufanywe kabla ya mtihani. Hili ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Kijana, mzazi na mwalimu wa taaluma wakae Oktoba, waandike orodha ya vyuo vinavyoitaka ripoti na visivyoitaka, watie saini. Mtu aliyekwisha kuiona 46 hana tena akili ya kuamua. Mimi mwenyewe niliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, nimesema.

Kwa upande wetu walimu ziko kazi tatu, nazo zaweza kuanza muhula huu. Karatasi za Desemba za Kidato cha Sita zisahihishwe kwa mwongozo wa namna ya Baraza, na mkono mzito tuuweke kwa majaribio ya kila wiki. Kila ripoti iendayo nje ibandikwe kipimo chetu cha A mpaka F na nafasi ya mwanafunzi katika darasa. Kisha yafaa tufungue kabati. Daftari za Desemba za miaka ya nyuma zimo, na matokeo ya Baraza ya miaka hiyo tunayo. Mtu mmoja mwenye subira aweza kuweka jedwali dogo la kuonyesha ya kwamba waliopata 50 kwetu Desemba walipata nini Mei. Jedwali hilo likiambatishwa na barua litasema zaidi ya sifa zangu zote. Na kama shule itapata njia ya kulipia intaneti ya kazi hiyo, itakuwa vizuri, maana mpaka sasa baadhi yetu tumezipeleka ripoti hizo kwa bando za simu zetu, saa tano za usiku.

Kwa sasa daftari la majina ya waombaji liko mezani kwa mwalimu wa taaluma. Mzazi asiyeweza kufika siku za kazi atanikuta shuleni Jumamosi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita. Yule mama wa maandazi amekwisha kuniahidi ya kwamba atakuja kunipinga mbele ya wazazi wenzake, nami nimemwambia karibu.